Tukipimwa Sisi, na Apimaye Apimwe

Ndugu wanachama, na wafanya kazi wote mnaosoma karatasi hii,

Safari hii nataka tuzungumze habari ya alama. Sisemi alama za mtihani wa shule, maana hizo zilikwisha siku nyingi. Nasema alama ambazo mtu mzima hupewa siku hizi kwa ajili ya madeni yake, nazo humfuata kila aendako, akitafuta kazi, akitaka mkopo, hata akitaka kununua pikipiki. Watu wengi husema tu, "Fulani ameingizwa CRB," kama vile wasemavyo fulani ameshikwa na homa. Lakini homa hutoka kwa Mungu. Jambo hili limewekwa na watu, na lililowekwa na watu laweza kutengenezwa na watu.

Mimi ni mtu wa reli, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Sikusomea sheria. Lakini kazi yetu ya reli imenifundisha jambo moja: gari moshi halisimamishwi bila mtu kujulikana. Anayeweka ishara ya hatari huandika kitabuni saa aliyoiweka na sababu yake, na akiulizwa kesho yake hujibu. Basi na sisi tuulize: anayemsimamisha mtu katika njia ya maisha yake, je, huandika sababu? Na akiulizwa, hujibu?

Jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Wazee wetu walipimwa kabla yetu. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mnamo 1919 na 1920, Serikali ya kikoloni ilianza kuwapa wanaume Waafrika kipande, kilichotiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina la mtu, alama za vidole vyake, mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyoachishwa. Mtu asiyesainiwa na bwana wake wa zamani hakuweza kuandikwa na bwana mwingine, na aliyeondoka bila sahihi alihesabiwa mtoro na kushitakiwa. Angalieni vizuri jinsi jambo hilo lilivyokuwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri, na shingo ilikuwa ya mfanya kazi. Kama bwana alichelewesha mshahara, kipande hakikuandikwa neno juu ya bwana. Ndiyo sababu Harry Thuku na wenzake walikipinga Nairobi mwaka 1921, na watu wa Nyanza wakakusanyika Lundha mwezi wa Desemba mwaka huo huo, katika mkutano ambao wazee wetu huuita Piny Owacho, na kipande kikawa miongoni mwa malalamiko yao. Kilikaa hata 1947, ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Halafu ikaja mizani nyingine. Katika uchaguzi wa Machi 1957, uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Serikali iliamua kwamba Waafrika wasiwe sawa hata mbele ya sanduku la kura. Mtu alihesabiwa elimu yake, mapato yake, mali yake, umri wake na utumishi wake. Mwingine akapata kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, na maskini asiyekuwa na sifa hizo hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuonyesha cheti cha utii, ambacho kilitolewa na maofisa wa utawala wa mahali. Watu wa Nyanza ya Kusini, yaani sisi huku Rangwe tukiwamo, walimchagua Bwana Lawrence Oguda kwa mizani hiyo hiyo iliyopotoka. Basi asije mtu akatuambia kwamba kumpa raia alama ni maarifa mapya ya mashine.

Tutazame na nchi za mbali kidogo, kwa sababu siku hizi watu husema sana juu ya Uchina. Wengi huamini kwamba kila Mchina amepewa hesabu moja na Serikali kuu, ikipanda na kushuka kila siku. Si kweli. Hakuna hesabu moja ya nchi nzima. Lililofanyika ni kwamba serikali za mahali, za wilaya na za miji, zilianza kila moja kwa njia yake. Wilaya ya Suining katika jimbo la Jiangsu ilianza mwaka 2010. Kila mtu mzima alipewa alama 1000, akapunguziwa kwa makosa, kisha watu wakagawanywa katika mafungu manne. Mtu alipunguziwa alama si kwa kuendesha gari akiwa amelewa tu, bali hata kwa kwenda na wenzake kuizingira ofisi ya serikali kwa malalamiko. Magazeti ya Wachina wenyewe yalilipinga jambo hilo, yakalifananisha na vyeti vya raia mwema ambavyo Wajapani waliwapa Wachina wakati wa vita. Mwaona, ndugu, cheti cha utii ni kile kile katika kila lugha.

Tena kuna orodha ya mahakama za huko, iliyoanza 2013, ya watu walioamriwa kulipa deni na hawakulipa ingawa wanazo fedha. Hao hawauziwi tikiti ya ndege wala ya gari moshi la kasi. Mtu wa reli akisikia hayo hustuka, kwa maana sisi tumezoea kwamba mwenye nauli husafiri.

Lakini tuwe wa haki. Huko huko Uchina walitambua kwamba mambo yamezidi. Mji wa Shanghai ulitunga kanuni mwaka 2017, ikakatazwa kukusanya habari za dini ya mtu na magonjwa yake, na mtu akapewa haki ya kujua yaliyoandikwa na kuyapinga. Mwezi wa Desemba 2020 Serikali kuu ikaziamuru serikali za mahali kwamba adhabu yo yote ya namna hii iwe na msingi katika sheria. Hata wenye mizani kubwa kuliko wote waliona kwamba mizani bila sheria huharibu soko.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kenya alama zilikuja kwa mlango wa benki. Kanuni za ofisi za kuhifadhi habari za mikopo, ndizo hizo CRB, zilitolewa mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ikapewa leseni 2010. Mwanzoni benki zilipeleka majina ya wasiolipa tu. Baada ya kanuni za 2013 zilianza kupeleka habari zote, za walipaji wema na za wabaya. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa mkopo mbaya. Mtu aliyeandikwa vibaya, hata akilipa senti ya mwisho, habari ile hukaa miaka mitano tangu siku aliyomaliza. Kisha ofisi hizo hufanya hesabu na kumpa mtu namba.

Ilipokuja mikopo ya simu, mambo yalifurika. Watu walikopa shilingi mia tatu, mia tano, kwa ajili ya unga au dawa ya mtoto, wakaandikwa katika kitabu kimoja na waliokopa mamilioni. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu iliamuru kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB, na wakopeshaji wa simu wasiokuwa na leseni wakanyang'anywa ruhusa ya kupeleka majina. Mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa, na Machi 2022 kanuni zikatoka kwamba kila mkopeshaji wa simu awe na leseni, wala asiwapigie simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Hata hivyo, ilipofika Novemba 2022, Benki Kuu ilisema wakopaji wa simu zaidi ya milioni 4.2 wameandikwa vibaya, ikatoa mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni. Ndugu, watu milioni nne si wezi milioni nne. Watu milioni nne wakianguka shimo moja, lichunguzwe shimo.

Najua wako watakaosema, "Wewe wataka watu wakope wasilipe." Hapana. Fedha za chama chetu cha akiba na mikopo ni jasho letu. Asiyelipa humla mwenzake, na mdhamini ndiye anayekatwa. Tena kitabu kizuri cha madeni chaweza kumsaidia maskini. Huku Rangwe, kutoka Kochia hadi Kagan, watu wengi hulima shamba ambalo hati yake ingali katika jina la babu aliyekufa. Mtu huyo hana cha kuweka rehani. Akiwa na habari zilizoandikwa kwamba amelipa mikopo mitano kwa wakati, hiyo ndiyo hati yake. Kwa hiyo sisemi kitabu kichomwe. Nasema kiandikwe kwa haki.

Na dhuluma iko wapi? Iko hapa. Kitabu humwandika yule ambaye fedha zilichelewa mkononi mwake, wala hakimwandiki aliyezichelewesha.

Chukueni mfano wa mfanya kazi mwenye mkopo unaokatwa katika mshahara. Karatasi yake ya mshahara yaonyesha mkato umefanyika mwisho wa mwezi. Yeye amekwisha lipa. Lakini mwajiri hakuupeleka mkato ule benki, ameutumia kwa mambo mengine. Miezi mitatu ikapita. Nani anaandikwa CRB? Ni mfanya kazi, ambaye hakuzishika fedha zile hata kwa dakika moja. Mwenzetu mmoja alinionyesha karatasi zake za miezi minne, kila moja ina mkato, na barua ya benki inayosema hajalipa miezi minne. Mwajiri wake sitamtaja. Lakini sheria ninaitaja: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri anayekata mshahara na asipeleke anakolazimika kupeleka ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria ipo. Ni wangapi kati yetu waliopata kumwona mwajiri akifungwa kwa ajili hiyo?

Chukueni sasa mfanya biashara mdogo. Amepata kazi ya kuipelekea kaunti mchanga, au chakula, au madawati. Alikopa benki ili anunue vitu. Amepeleka, vimepokelewa, karatasi imesainiwa. Kisha akaambiwa angoje. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza. Benki haingoji. Benki humwandika, halafu dalali huja na lori. Jambo hili si hadithi. Msimamizi wa Bajeti amelieleza katika taarifa zake mwaka kwa mwaka, na mwezi wa Juni 2024 madeni ambayo kaunti zote 47 hazijayalipa yalizidi shilingi bilioni 150. Na kaunti nazo hulalamika kwamba Hazina ya Nairobi huchelewesha fedha zao. Basi uchelewaji huanza juu, huteremka ngazi moja baada ya nyingine, na adhabu yote huangukia yule wa chini kabisa. Mkubwa akichelewa huitwa "ana madeni yasiyolipwa." Mdogo akichelewa huitwa mtu mbaya.

Hapa ndipo serikali ya mahali inapohusika. Huenda mtu akasema, "CRB ni mambo ya Benki Kuu, kaunti haina neno." Ni kweli kaunti haiwezi kutunga sheria ya benki. Lakini kaunti inashika milango miwili mikubwa: mlango wa kazi na mlango wa leseni. Bodi ya Utumishi ya Kaunti ndiyo inayoandika watu wa kaunti. Ofisi ya biashara ndiyo inayotoa leseni ya duka, ya hoteli na ya kinu cha unga. Kama milango hiyo ikifunguliwa kwa wenye namba nzuri tu, namba ya benki itakuwa kipande kipya.

Vijana wetu wanayajua haya. Mtu akiomba kazi ya serikali huambiwa alete cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha kodi, cheti cha mkopo wa masomo, na cheti cha CRB. Hana kazi, ndiyo sababu hajalipa. Hajalipa, ndiyo sababu hapewi kazi. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha Sheria ya Ajira ili mwajiri asidai vyeti vya namna hii ila kwa mtu ambaye tayari anakusudia kumwandika. Hilo ni jema, lakini sheria isiyojulikana ni kama taa iliyofunikwa na debe.

Tena kaunti inao mfano mzuri katika kazi yake yenyewe. Mkaguzi wa vipimo wa kaunti huja sokoni, akazipima mizani za wauza sukari na samaki, na iliyo sawa akaipiga muhuri. Mama anayeuza omena Rangwe haruhusiwi kutumia mizani ambayo haikukaguliwa, hata kwa kilo moja. Je, mizani inayopima jina la mtu iwe haina mkaguzi wala muhuri?

Kwa hiyo naona chama chetu, pamoja na vyama vingine vyenye wanachama katika Homa Bay na Migori, kipeleke maneno haya kwa Magavana na kwa Mabaraza ya Kaunti:

1. Mikato ya mishahara ipelekwe kwanza, kabla ya malipo mengine, na kila mwezi karatasi ibandikwe katika ubao wa kazini ikionyesha siku mikato ilipopelekwa.

2. Mwajiri akichelewa, yeye mwenyewe aandike barua kwa benki na CRB kwamba kosa si la mfanya kazi, na alipe faini yote iliyoongezwa juu ya mkopo. Jambo hili litiwe katika mapatano ya kazi, si kwa kaunti tu bali kwa waajiri wote tunaopatana nao.

3. Cheti cha CRB kisiwe kizuizi cha kazi ya kufagia soko, kuendesha gari, kufundisha watoto wadogo wala kuuguza wagonjwa. Kwa kazi ya kushika fedha za watu, aulizwe mtu mwenyewe aeleze, ndipo iamuliwe.

4. Wafanya biashara wadogo walipwe mbele ya makampuni makubwa, na orodha ya madeni ya kaunti ibandikwe katika kila ofisi ya wadi. Mwenye kuidai kaunti apewe barua ya kuonyesha benki yake.

5. Kama kaunti ikitaka siku moja kuwapa wafanya biashara au raia alama zo zote, isifanye kwa tangazo la ofisini. Ifanye kwa sheria ya Baraza la Kaunti, baada ya wananchi kusikilizwa. Na sheria hiyo iseme mtu ataonyeshwa alama yake, ataambiwa sababu, ataweza kuipinga mbele ya watu wengine kuliko walioiandika, na itafutwa baada ya muda uliotajwa. Wala asipunguziwe mtu alama kwa ajili ya kugoma au kulalamika.

Hayo ni ya kudai kwa wakubwa. Lakini yako na ya kufanya sisi wenyewe, maana anayelala njaa huku ghala lake limejaa asimlaumu jirani.

Haki hizi unazo tayari. Mkopeshaji hana budi kukuarifu siku 30 kabla hajapeleka jina lako kwa ubaya. Ukipata barua au ujumbe huo usiufute. Uchukue siku ile ile kwa mwakilishi wa chama kazini. Kila mwaka una haki ya kupata taarifa yako ya CRB mara moja bila malipo. Iombe, uisome mstari kwa mstari, na palipo na uongo upinge kwa maandishi, nao wanalazimika kuchunguza. Zitunze karatasi zako za mshahara zote, usizifungie maandazi. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya 2019 inakupa haki ya kuonyeshwa habari zako, kutaka zisahihishwe, na kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo kubwa la maisha yako. Na sheria hiyo ina meno: mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Habari hizo aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa simu na vitisho. Walioshinda walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kushitaki badala ya kunung'unika.

Wawakilishi wa chama nao wafungue kitabu. Kila mwanachama aliyeandikwa CRB kwa ajili ya mkato usiopelekwa aandikwe humo: jina la mwajiri, miezi mingapi, fedha ngapi. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na orodha yetu wenyewe, orodha ya waajiri wasiolipa. Hapo ndipo tutakapoweza kwenda mbele ya meza ya mapatano na kusema, "Bwana, wewe nawe una alama zako, na hizi hapa."

Wazee wetu walivaa kikopo shingoni miaka zaidi ya 25 kabla hakijaondoshwa, na hakikuondoka kwa kunung'unika majumbani. Walikutana, wakaandika, wakasema kwa sauti moja. Namba hii ya sasa haionekani shingoni, nayo kwa hiyo ni rahisi kuizoea. Tusiizoee kabla haijakaguliwa.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, mwenyeji wa Rangwe